Wimbo wa Namba Moja Ulivyonipeleka Hatta

Mimi ni mtu wa kitanda. Wenzangu walikuja Dubai kutafuta maisha; mimi nadhani nilikuja kutafuta mahali pa kulala penye kiyoyozi. Katika chumba chetu cha walinzi pale Al Muraqqabat nilipapata: kitanda cha chini, mbali na mlango, na wanaume wengine watano wa kukoroma nao.

Ule wimbo niliuleta mimi. Dancehall ya Waingereza, mdundo mzito, kijana wa London akiimba kama aliyezaliwa Jamaika. Niliuweka kwenye simu uwe wa kuniamsha. Mwanzoni walinitukana. Kisha ukaingia kwenye chati za Uingereza, na kila Ijumaa jioni jamaa wa Tanga, aliyelala kitanda cha juu yangu, akawa anatangaza kama mpira: "Kaka, wimbo wako umeingia kumi bora! Unapanda huo!"

Uliposhika namba moja, chumba kizima kiliutaka. Nikawarushia wote kwa majivuno, kana kwamba nimeutunga mimi. Wote wakauweka wa kuwaamsha.

Wiki hiyo hiyo msimamizi wetu, Mkenya mwenzangu aliyezeekea kazi hii, aliniita kando. Kulikuwa na nafasi mbili. Moja mlangoni pa hoteli Al Garhoud, ndani, kwenye marumaru na ubaridi. Nyingine kulinda bwawa Hatta, milimani, na kulala huko huko.

"Garhoud nimekuwekea wewe," akasema. "Unapenda ndani kama paka. Lakini kesho sir wa hoteli anataka kukuona asubuhi. Basi likikuacha, khalas, unaenda Hatta."

Nilipiga pasi shati. Nilipaka viatu rangi. Nililala mapema, jambo ambalo halikunigharimu chochote.

Alfajiri wimbo ulilia. Niliusikia vizuri kabisa, nikajua ni wa yule wa juu, maana zamu yake hutangulia yangu. Ukanyamaza. Ukalia tena.

"Zima simu yako, bwana!"

"Leo sina zamu, na yangu imeisha chaji tangu jana," akanijibu toka ndani ya blanketi. "Hiyo ni yako, mwenye wimbo."

"Usinitanie asubuhi hii."

"Haya, lala. Hatta kuna upepo mzuri."

Nilicheka. Kisha nikapapasa chini ya mto, na simu ikanitetemekea mkononi.

Honi ya basi ilipigwa chini. Lifti haikuja. Nilishuka ngazi shati likiwa wazi, viatu mkononi, na nilipofika barabarani basi lilikuwa limeng'oka. Nikalikimbiza. Taa nyekundu ikalisimamisha kwenye makutano, nikagonga kioo kama mwendawazimu.

Msimamizi alifungua dirisha. Hakukasirika, na hilo ndilo lililonitia baridi.

"Kiatu kingine kiko wapi?"

Nikatazama mkononi. Kilikuwa kimoja.

"Nimefika, sir."

"Umefika nusu. Hoteli wanataka mtu mzima."

Nyuma yake mtu akaanza kuimba ule wimbo, basi zima likapokea. Taa ikawa kijani.

Garhoud ilimwendea jamaa wa Tanga. Siku ya safari alinibebea begi hadi kwenye gari bila utani hata mmoja, ndipo nikajua mambo yameharibika kweli.

Asubuhi yangu ya kwanza Hatta, katika chumba cha mtu mmoja, wimbo ulilia. Nikajifunika blanketi, nikasubiri mtu auzime.