Mkunga Aliyebishana na Kifungu

Binti wa marehemu dada yangu ni mkunga, na katika kazi hiyo sijaona wa kumshinda. Ubaya wake, haamini mtu. Mama akifika wodini akasema hana uchungu mwingi, yeye hasikilizi, anamtazama vidole vya miguu vinavyojikunja. "Mjomba," huniambia, "wazazi husema nusu tu. Nusu nyingine naitafuta mwenyewe."

Basi hospitali moja ya ng'ambo ikamtaka, kwa mshahara mnono, ila kwanza afaulu mtihani wa Kiingereza. Kuongea alipita, kuandika alipita. Kusoma na kuelewa akaanguka mara mbili, na wale wa ng'ambo wakasema watamngoja mara moja tu zaidi.

Mimi nilikuwa nimepita kuwasalimia, nikakaa, kama ninavyokaaga kwa watu. Kila jioni naona vifungu vya mazoezi vimetandazwa mezani. Sijui nani huviandika. Kimoja kilikuwa historia ya kijiko, kurasa mbili nzima, na kijiko chenyewe hakikufanya lolote.

Mumewe ni fundi bomba. Kiingereza chake kinaishia kwenye maboksi ya vipuri. Akaomba atafsiriwe, ajue kinachomtoa mkewe jasho. Kifungu kilikuwa cha mzee aliyenunua baiskeli na kuiendesha kila asubuhi. Chini wameandika: mzee huyo alikuwa na afya njema. Uchague: kweli, si kweli, au haikusemwa.

"Kweli," akasema mkunga.

"Imesema wapi?"

"Baba watoto, mzee anaendesha baiskeli kila siku, atakuwa mgonjwa?"

"Labda ana bawasiri. Niwekee kidole."

Akapitisha kidole juu mpaka chini. Hakuna. Akafunua majibu nyuma ya kitabu: haikusemwa. Akakibamiza kitabu kama mlango wa choo.

"Hiyo karatasi haina mimba, mke wangu," fundi akasema. "Acha kuipapasa tumbo."

Nilicheka hadi chai ikanipalia. Ila tangu hapo ikawa ndiyo kazi yao: mkunga akijibu, mumewe anadai mstari, asipouonyesha, haikusemwa. Walitukanana vizuri sana kwa majuma kadhaa.

Siku ya mtihani alirudi amevimba kwa hasira. Kifungu cha mwisho kilihusu uzazi, tena cha uongo, eti mtoto wa kwanza hutoka haraka kuliko wa pili.

"Ukajibuje?" nikamuuliza.

"Walivyosema wao, Mjomba."

Matokeo yakaja kwenye simu: amefaulu. Akamrukia mumewe shingoni, na papo hapo akaanza kupanga. Atatangulia yeye, mume na watoto watafuata mambo yakikaa sawa.

"Vizuri," fundi akasema. "Vizuri sana, mama."

Kisha akachukua spana, akatoka uani, akaanza kukaza bomba lisilovuja.