Mtumishi Niliyemfanya Binti

Mwalimu wa historia alitupa kazi: fuatilia familia moja ya mashambani ya karne ya kumi na tisa kwa kutumia sensa. Ya kwetu Burundi sikuipata. Wakati ule nani angewaandika? Nikaazima ukoo wa bibi mmoja Mzungu hapa Doonside, mtaa wa ughaibuni tulikohamia, ambaye Mama huenda kumwogesha na kumpikia, ndiyo kazi yake.

Bibi alikuwa anadarizi kitambaa cha ukoo wake. Pengo lilibaki moja: wazazi wa mama wa bibi yake. Macho yanamwisha, alitaka amalize kabla hayajazima.

Nikamsomea sensa ya kijiji chao Uingereza. Mama huyo nilimkuta angali msichana, nyumbani kwa mkulima mfuga ng'ombe.

"Kumbe nyie matajiri, Bibi. Mimi naomba ndama tu."

Alicheka hadi miwani ikaanguka. Kisha akauliza, "Mbona majina yao ya ukoo hayafanani?"

"Kawaida tu hiyo," nikajibu kama profesa. Kwetu kila mtoto ana jina lake. Mimi na dada zangu hatufanani hata herufi. Akaniamini, maana mwenye macho nilikuwa mimi. Wiki nzima akadarizi majina ya mkulima na mkewe penye pengo kwa uzi wa kijani, pua inagusa kitambaa.

Nikinakili jedwali la kumpa mwalimu, ndipo nikaona safu niliyoiruka: uhusiano na mwenye nyumba. Msichana: mtumishi. Nyumbani tunalala na binamu na mtoto wa jirani yetu wa kambi ya wakimbizi, na Mama akiulizwa husema wote wake. Ningejuaje kwamba mtu anaweza kulala kwa watu asiwe mtoto wao?

"Kamwambie Bibi," Mama akasema nilipomweleza.

Nikamjibu kwa Kiingereza, kama kawaida yangu nikibanwa.

"Hata ukijibu kwa Kichina. Kamwambie."

Nilipomwambia, Bibi akapapasa uzi kwa kidole. "Alikuwa na umri gani?"

"Mdogo kuliko mimi."

"Na wazazi wake?"

"Bado sijawapata."

Akanipa mkasi mdogo. "Fumua. Mimi siuoni uzi."

Nilifumua herufi moja moja, na siku hiyo sikuwa na mzaha hata wa kuazima. Nilipomaliza, akapitisha kidole penye vitundu vya sindano, taratibu, toka mwanzo hadi mwisho.

"Bado wanasomeka," akasema.