Barua ya Sitini na Tatu

Kazi ya mama mdogo Ndeshi ilikuwa kujua kila karatasi iliingia lini. Alikuwa masjala, chumba cha majalada, katika taasisi moja ya umma hapa Arusha ambayo sitaitaja. Barua ikiletwa anaigonga muhuri wa IMEPOKELEWA wenye tarehe, anaiandika kwenye rejista, anaipa namba. Ikifika saa tisa na nusu alasiri anapiga mstari mwekundu chini ya barua ya mwisho na kuweka sahihi. Siku imefungwa. Hata mkurugenzi akileta barua yake dakika kumi baadaye, itaandikwa ya kesho.

Amefanya hivyo miaka kumi na moja kwa mkataba wa muda. Mkataba ukiisha unaandikwa mwingine. Niliwahi kumuuliza kwa nini hawamwajiri moja kwa moja kama wenzake.

"Nafasi haijatoka," akasema.

"Inatoka wapi?"

Alicheka mpaka akashika fremu ya mlango. "Violet, hilo swali kawaulize wanaoijua njia yake."

Mwaka huu nafasi ikatoka. Mtunza kumbukumbu mmoja, ajira ya kudumu. Taasisi ilipewa kibali cha kuajiri yenyewe, na maombi yaletwe kwa mkono, mwisho Ijumaa. Tangazo lilisema umri usizidi miaka arobaini na mitano. Mama mdogo anatimiza arobaini na sita mwezi wa kumi. Kwa hiyo ilikuwa hii, au basi tena. Nyumbani kwetu Levolosi tuko wawili tu, yeye na mimi, tangu mama yangu afariki, na kila kitu tulichokuwa tunakisogeza mbele tulikisogeza kwa maneno hayohayo: nikiajiriwa.

Aliandika barua yake akaipokea mwenyewe kwenye rejista. Namba kumi na tisa. Ijumaa alasiri zilikuwa zimefika sitini na mbili. Akapiga mstari.

Jumanne iliyofuata bosi wake, Bwana Abdiel, mkuu wa utawala, akaingia masjala na bahasha ya kaki. Akamwambia arudishe tarehe ya muhuri hadi Ijumaa na aigonge hiyo barua. Mama mdogo akaona ni ombi la nafasi ileile anayoitaka yeye. Akazungusha vile vigurudumu vya tarehe nyuma siku nne, akagonga.

Nilipokuja kujua, nilimuuliza kwa nini. Sikuelewa kabisa, na hata sasa nikifikiria naona kama namwangalia mtu mwingine.

"Bosi ameagiza," alisema. "Miaka kumi na moja mtu akiagiza nafanya. Halafu nikajiambia, tuko sitini na wawili, mmoja akiongezeka atabadilisha nini?"

Ila kwenye rejista hakuiandika. Juu ya mstari mwekundu hapakuwa na nafasi, na kuiandika chini ya mstari kungesema ukweli. Akaacha hivyo. Barua ikaingia kwenye jalada ikiwa na muhuri wa Ijumaa, na rejista haiijui.

Huyo mmoja aliyeongezeka ndiye aliyepata. Anaitwa Derick, ana miaka ishirini na minne, mpwa wa Bwana Abdiel. Akawekewa meza chumba hichohicho, na mama mdogo akaambiwa amfundishe kazi. Nilitegemea nimchukie. Siku niliyompitia mama mdogo kazini nilimkuta Derick amekaa chini, amezungukwa na majalada.

"Mama, hizi rangi nani alizichagua?" alikuwa anasema. "Kijani ni siri, manjano siyo siri. Huyu mtu alikuwa na ugomvi na nani?"

"Na wewe," mama mdogo akajibu. "Alijua utakuja."

Derick akacheka, akanipisha kiti. Njiani mama mdogo akaniambia, "Hana kosa yule. Barua yenyewe aliandikiwa."

Ndipo zikaja habari za kamati. Kulikuwa na malalamiko kuhusu ajira za taasisi yao, na kamati ya Bunge ingekuja kukagua jinsi watu walivyoajiriwa na kama maadili yalifuatwa. Waliomba nyaraka mapema. Rejista ilionyesha barua sitini na mbili. Orodha ya waombaji ilikuwa na majina sitini na matatu. Mama mdogo alipewa barua ya kuitwa mbele ya kamati siku ya Jumatano.

Jumapili kabla ya hapo, tumetoka ibadani, Bwana Abdiel akaja nyumbani. Hajawahi kuja. Gari lake halikuingia kwenye uchochoro wetu, ikabidi aliache barabarani na kutembea, mkononi ana mkungu wa ndizi.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba. Mwanafunzi huyu? Kidato cha ngapi?"

"Cha tatu."

"Vizuri. Soma." Akamgeukia mama mdogo. "Dada Ndeshi, hili jambo ni dogo. Wakikuuliza, sema ulisahau kuiandika. Kazi zilikuwa nyingi siku ile. Binadamu anasahau."

"Bosi, sijawahi kusahau barua."

"Ndiyo maana watakuamini. Mara moja katika miaka kumi na moja."

"Na mkataba wangu? Unaisha mwezi huu."

"Unaandikwa. Na nafasi nyingine ikitoka, wewe ndiye wa kwanza."

"Itatoka lini? Kabla ya mwezi wa kumi?"

Bwana Abdiel aliangalia ndizi zake kama ndizo zitajibu. "Kuna taratibu," akasema. "Tusifike huko."

Alipoondoka mama mdogo akachukua kisu. Akaanza kumenya ndizi. Alizimenya zote, mkungu mzima, wakati sisi tuko wawili.

Jumatano tulikuwa likizo. Saa tatu asubuhi nikaona miwani yake iko juu ya kabati. Bila miwani mama mdogo hasomi hata jina lake. Niliichukua nikakimbia hadi ofisini kwao, upande wa Sekei, nikijiona shujaa. Mlinzi ananifahamu, akanielekeza ukumbini, maana wafanyakazi na waandishi wa habari walikuwa wameruhusiwa kuingia. Nilimkuta mama mdogo amesimama mbele ya meza ndefu. Rejista ilikuwa wazi mbele yake na Mwenyekiti, mwanamama mwenye sauti ya taratibu, alikuwa anamwambia asome ukurasa wa siku ile.

"Mheshimiwa, sioni vizuri. Nimesahau miwani nyumbani."

Nikapita katikati ya viti nikampa. Alinitazama. Hapo ndipo nikaelewa kwamba hakuisahau. Kutokuwa na miwani kulikuwa kisingizio chake kimoja cha kujificha, na mimi nilikuwa nimemletea miwani mkononi, jasho linanitoka.

Akavaa. Akasoma barua ya sitini na mbili, akasoma tarehe, akasema, "Hapa ndipo nilipofunga siku."

"Barua hii ina muhuri wa siku hiyohiyo," Mwenyekiti akasema, akiinua karatasi. "Mbona kwenye rejista haimo? Ulisahau?"

Bwana Abdiel alikuwa mstari wa mbele, mikono magotini. Derick alikuwa nyuma yake, anaangalia viatu vyake.

"Hapana, Mheshimiwa. Sikusahau. Ililetwa Jumanne. Niliurudisha muhuri nyuma."

"Wewe mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe. Niliagizwa na mkuu wa utawala."

"Kwa maandishi?"

"Kwa mdomo."

"Nani mwingine alisikia?"

Mama mdogo alifikiri kwa muda mrefu, kana kwamba akifikiri sana angemkumbuka mtu. "Tulikuwa wawili."

Bwana Abdiel akasimama, akafunga kifungo cha koti. "Mheshimiwa Mwenyekiti, kwa heshima zote, mtumishi huyu naye aliomba nafasi hiyohiyo, akakosa. Naomba kamati ilione hilo."

Ni kweli aliomba. Ni kweli alikosa. Sijawahi kusikia mambo mawili ya kweli yakitengeneza uongo kiasi kile. Mjumbe mmoja akauliza kwa nini mwombaji alipokea barua za washindani wake, na waandishi wakaandika. Mama mdogo akajibu kwamba hakukuwa na mtu mwingine masjala. Waliandika hilo pia, sijui kama waliliandika kwa maana ileile.

Mwenyekiti alimshukuru kwa ukweli wake. Alisema hivyo mara mbili. Kisha akasoma maagizo: ajira ile isimamishwe, mkuu wa utawala achunguzwe, nafasi itangazwe upya kwa uwazi, na kila aliyegusa nyaraka zile asihusike na masjala hadi uchunguzi uishe. Watu wakapiga makofi. Na mimi nilipiga, mpaka nilipohesabu kichwani nani na nani waligusa nyaraka.

Mwisho wa mwezi mkataba haukuandikwa. Derick alikuja nyumbani kuaga akiwa na mfuko wa maparachichi kutoka kwao. Alikaa dakika tano akasema, "Mama, nilitaka kusimama siku ile."

"Ungesema nini? Jumanne ile hukuwepo."

"Ndiyo. Lakini nilitaka."

Bwana Abdiel amehamishiwa mkoa mwingine wakati anachunguzwa. Nafasi haijatangazwa. Tunaambiwa itatangazwa, mchakato unaendelea, na mwezi wa kumi umebaki wiki sita.

Kilichobaki ni makabidhiano. Mtumishi akiondoka masjala anakabidhi funguo kwa fomu yenye sahihi mbili, ya anayetoa na ya anayepokea. Siku yake ya mwisho alikaa mpaka jioni na hakutokea wa kupokea, kwa sababu hakuna aliyeajiriwa, na waliopo wanaogopa kushika kitu ambacho kamati imekitolea maagizo. Akarudi nyumbani na funguo.

"Zikipotea ni kosa lingine," akaniambia. Amezifunga kwenye leso na kuziweka ndani ya blauzi.

Tangu hapo kila asubuhi anavaa nguo za kazi, anatembea hadi getini. Mlinzi hawezi kumruhusu kuingia kwa kuwa si mtumishi tena, na hawezi kuzipokea funguo kwa kuwa hana cheo hicho. Anampa kiti. Mama mdogo anakaa. Mara simu yake inaita kutoka ndani ya jengo lilelile.

"Dada Ndeshi, jalada la viwanja liko wapi?"

"Kabati la tatu, rafu ya chini, kushoto."

"Sawa. Funguo ziko wapi?"

"Ninazo hapa getini. Njoo na fomu."

Wanasema wanakuja. Leo ni siku ya tisa. Nilimpelekea chai baada ya shule, nikamkuta bado amekaa, fomu iko magotini, upande wake ameshaweka sahihi.