Aliyekuja Kutuhesabu Siku ya Theluji

Anayetaka kucheka acheke sasa hivi amalize, halafu anisikilize. Haya niliyaona kwa macho yangu mawili, mchana, nikiwa nimeshiba na akili zangu ziko sawa. Pombe sinywi. Kanisani kwetu mimi ni katika wale wagumu wa kuamini. Mchungaji akitangaza kwamba fulani ameponywa, mimi ndiye ninayeuliza kwani alikuwa anaumwa nini hasa. Mke wangu Furaha, Mkongo wa milima ya Kivu Kusini, alizoea kunitania: "Papa Grace, weye siku malaika atakuya utamuomba kitambulisho." Na kweli ningemwomba. Ndiyo maana mpaka leo najiuliza, ilikuwaje nisimwombe mtu yule?

Mimi ni Mrundi niliyekulia kambi ya wakimbizi mkoani Kigoma. Tulipoletwa Buffalo, Marekani, tulipanga kwanza mtaa wa West Side, baadaye tukapata nyumba yetu wenyewe, nyumba kuukuu ya mbao karibu na Main Street. Bei yake ilikuwa ya chini mno, na mimi badala ya kushukuru nikaanza kushuku. Niligonga kuta, nikanusa mabomba, nikapanda hadi darini na tochi. Nilichosahau ni kusimama tuli pale sebuleni kwa robo saa tu.

Kumbe chini kunapita treni. Barabara kuu ina reli iliyozikwa ardhini, na tawi la kelele zake lilikuwa linaishia kwetu. Kwanza vikombe kabatini vinaanza kugongana kidogo kidogo, halafu mtetemo unakuingia kwenye nyayo, kioo cha dirisha kinalia, kisha kimya. Baada ya dakika chache inaanza tena. Furaha hakujali. "Bon, kwetu tulizoea bunduki," alisema, "tutashindwa na treni? Inapitaka tu."

Kelele hata mimi nilizizoea, sikatai. Lakini nani anazoea nyumba kutitia? Chumba cha nyuma ndicho kilichokuwa kinazama. Ukiweka chungwa mlangoni, linajiviringisha lenyewe mpaka pembeni, chini ya kitanda. Juu ya mlango kulikuwa na ufa, nao ulikuwa unapanda. Kila Jumapili baada ya ibada nilichukua kalamu ya risasi nikaweka alama pale ufa ulipofika, na tarehe pembeni, na kila Jumapili alama ilikuwa juu ya ile ya wiki iliyopita. Nilimshuku aliyetuuzia, kwamba alipaka rangi kuuficha. Nikamshuku jirani aliyechimba bomba jipya. Nikapiga simu kwa watu wa treni, nikajaza fomu, wakaniambia mtu atakuja.

Wasiwasi wangu wote ulikuwa kwa sababu ya wanaolala chumba kile. Mama yangu mzazi magoti yake hayapandi ngazi, kwa hiyo alilala pale, na binti yetu Grace, mwenye miaka tisa, hakukubali kulala kwingine ila kwa Bibi yake. Niliwasihi wahamie sebuleni. Mama akasema amelala kwenye hema na kwenye matope, sakafu iliyopinda haimtishi. Grace akasema, "Dad, we're fine," akanifungia mlango. Nikawa nalala sikio liko wazi, nikingoja kusikia mbao zikivunjika na mtoto wangu akipiga kelele.

Kilichomvuta Grace ni hadithi, na hadithi zote zilikuwa za Zakaria. Huyo alikuwa mdogo wangu, alifariki kambini kwa homa akiwa na miaka tisa vilevile. Mama alimsimulia Grace jinsi Zakaria alivyopiga mluzi kwenye pengo la meno, alivyopanda tangi la maji akachapwa, alivyoficha senene kwenye kofia ya mchungaji. Na Mama mwenyewe alikuwa anamwota. Asubuhi fulani fulani alikuja jikoni uso umechangamka, akasema, "Leo amekuja, amekaa hapa miguuni," nasi tulijua ni nani.

Kuna jambo moja ambalo Mama hakumsimulia Grace, nami lazima nilitaje ili mwelewe. Zakaria alipofariki, hatukufuta jina lake kwenye kadi ya posho. Msituhukumu, karibu kila kaya ilikuwa na mtu wake wa namna hiyo. Unga wake na maharage yake ndivyo vilivyonikuza mimi. Siku za uhakiki walikuja watu waliovaa vizibao vya reflekta, orodha mkononi, wakapita nyumba hadi nyumba wakiuliza mko wangapi. Wakifikia jina lake Mama alijibu bila kupepesa, "Amekwenda kutafuta kuni." Sisi wengine tulisimama wima na hakuna aliyekohoa. Ukikosekana kwenye orodha huli, na tulifundishwa hivyo kabla ya kufundishwa kusoma.

Sasa siku yenyewe. Theluji ilianguka tangu alfajiri, ile ya Buffalo ambayo ukifungua mlango unakuta ukuta mweupe. Magari yalipigwa marufuku barabarani. Simu ikaleta tangazo kwamba na treni zimesimamishwa. Furaha alikwama kazini, anahudumia wazee, akapiga kusema analala hukohuko. Nikabaki na Mama na Grace. Nyumba ilikuwa kimya kwa mara ya kwanza tangu tuhamie, na niaminini, kimya kile kilinikera kuliko kelele.

Ilikuwa saa tisa alasiri, Grace amelala na Bibi yake chini ya mablanketi, mimi nimesimama jikoni. Vikombe vikaanza kugongana.

Nikatazama simu. Tangazo lilikuwa palepale, treni hakuna. Mtetemo ukazidi, ukaja polepole, mzito, si kama siku zote. Nao haukupita. Ulifika chini ya chumba cha nyuma ukakoma. Mnanielewa? Treni ilisimama chini ya nyumba yetu, mahali pasipo na kituo. Nilikuwa bado nimeshika meza ndipo mlango ukagongwa.

Nje alisimama mwanamume wa makamo, kofia ngumu kichwani, kizibao cha reflekta, na ubao wa kubania karatasi mkononi. "Hodi hapa," alisema, kwa Kiswahili safi cha Kigoma. "Nimekuja kwa ajili ya lalamiko la nyumba kuzama."

Mimi nisiyemwamini hata mpiga simu wa benki, nilifanya nini? Nilisema karibu. Nilifurahi! Nikawaza, hatimaye wamemleta mtu wa kwetu. Alipoingia ndipo nikaona viatu vyake. Nje theluji ilifika magotini, lakini viatu vile vilikuwa vikavu, na juu yake palikuwa na vumbi jekundu. Vumbi lile nalifahamu. Nimelifua kwenye nguo zangu miaka yote ya utoto. Moyo ukaniambia mtoe mtu huyu nje, na mdomo ukamwambia apite.

Alikwenda moja kwa moja chumba cha nyuma kana kwamba anakijua. Akamwamkia Mama, "Shikamoo, mama," naye Mama hakuitikia. Alikuwa ameketi kitandani anamkazia macho, mkono wake juu ya Grace aliyelala. Yule mtu akapiga goti, akaweka kiganja sakafuni, akasikiliza.

"Hapa hapatakaa," alisema. Akasimama, akatoa kalamu. "Kaya hii ina watu wangapi?"

Jamani, miguu yangu ilijipanga yenyewe. Mikono ikashuka ubavuni. Ningeweza kumuuliza wewe ni nani, nani kakutuma, umefikaje na barabara zimefungwa. Badala yake nilitaja majina kama mtoto darasani: langu, la Furaha, la Mama, la Grace. Aliandika bila kuuliza yanaandikwaje.

"Grace ana umri gani?"

"Miaka tisa."

Kalamu ikasimama. Akamtazama mtoto. "Chini kuna nafasi moja," alisema, "ya mtoto anayelala chumba hiki. Akipanda yeye, nyumba itatulia."

Nilisikia kila neno na sikuweza kusogea. Hilo ndilo ninalolionea aibu mpaka leo. Nilisimama wima mbele ya orodha wakati mtu anamchukua mwanangu, na kitu pekee nilichoweza kufanya ni kutokohoa. Alikuwa ameshainama, mkono wake unakaribia blanketi.

"Hujaandika wote," Mama akasema. Sauti yake ilikuwa ileile ya kambini, kavu. "Kuna Zakaria. Naye ana miaka tisa. Huyu msichana ni mgeni tu hapa, analala juu. Anayelala chumba hiki ni Zakaria, kila mtu wa nyumba hii anajua."

Yule mtu akamgeukia, akauliza kama walivyouliza wote. "Yuko wapi? Mbona simwoni?"

Mama alikawia. Ndiyo mara ya kwanza katika maisha yangu kumwona akikawia kujibu swali lile. Halafu akasema, "Amekwenda kutafuta kuni."

"Basi nitampitia hukohuko," alisema yule mtu, akaandika. Akachana kipande cha karatasi, tokeni kama zile za posho, akakiweka kwenye kiganja cha Mama na kuvikunja vidole vyake juu yake. Akaaga kwa heshima. Nilimfuata mpaka mlangoni, miguu ikiwa imerudi kuwa yangu. Nilipofungua hapakuwa na mtu. Theluji kwenye ngazi ilikuwa laini, haina alama ya kiatu cha kuja wala cha kwenda.

Kisha treni chini yetu ikaondoka. Vikombe viliimba mpaka ilipofika mwisho wa mtaa.

Nilirudi chumbani nikamkuta Mama amekaa vilevile. Kiganjani hamkuwa na karatasi, mlikuwa na vumbi jekundu. Alilitazama akasema, "Nimemla mara mbili." Hakulia. Grace akaamka akauliza kama kuna chai.

Mnataka ushahidi, najua, hata mimi ningeutaka. Baada ya wiki mbili alikuja mtaalamu wa kweli, mama wa Kizungu mwenye kitambulisho shingoni, nami nilikisoma pande zote mbili. Akasema hakuna aliyewahi kutumwa kwetu, na siku ile treni haikutembea hata moja. Akaweka pima maji kwenye sakafu ya chumba cha nyuma. Kiputo chake kikakaa katikati. Nikaleta chungwa, likakaa tuli. Akaniuliza ufa uko wapi, nami nikamwonyesha alama zangu za kalamu ya risasi, Jumapili baada ya Jumapili, zikipanda kwenye ukuta mzima usio na mkwaruzo. Alinitazama kwa huruma kama unavyomtazama mgonjwa, akaandika kitu, akaenda zake.

Nyumba ilitulia, kweli. Mama ndiye hakutulia. Alianza kulala kifudifudi sakafuni, sikio juu ya mbao, kila treni inapopita, akimwita Zakaria kwa sauti ndogo. Ndotoni Zakaria hakuja tena. Hakuja hata mara moja. Furaha alipomwona mkwewe hivyo, utani wote ulimwisha. "Papa Grace, hapa tutoke," alisema. "Mi siwezi kuona mama ya watu anasikilizaka sakafu kila siku." Binamu yangu aliyeko Columbus akatuita, akaapa kwamba kule hakuna treni ya chini, lakini Furaha ana shangazi Louisville, basi tukahamia huku Beechmont, mtaa wa Louisville. Siku ya kwanza Mama aliuliza, "Na hapa chini, hakuna kinachopita?" Nikamwambia hakuna, Mama, ni udongo tu. Nilidhani nimempa faraja. Aligeukia ukuta akalia mpaka jioni, maana alikuwa bado anamngoja Zakaria arudi kwa njia ileile ya chini.

Sasa nawaambia, hasa ninyi tuliokula posho pamoja. Tumezoea orodha, na tukiona kizibao na karatasi miguu inajipanga. Akija mtu akuulize mko wangapi ndani, muulize kwanza yeye ametoka wapi, na utazame viatu vyake. Usimtajie jina la mtoto. Wala msidhani wafu wetu hawapotei zaidi ya walivyopotea. Wanapotea. Mama akitaka kusimulia siku hizi anaanza, "Zakaria alikuwa…" halafu ananitazama nimsaidie, nami natafuta na sipati kitu, si sura yake wala sauti. Tulilala mkeka mmoja miaka tisa.

Yale niliyowaeleza huko juu, ya mluzi na tangi la maji na senene, sikuyatoa kichwani mwangu. Ni Grace aliyenipa. Yeye peke yake hakusahau, na kila jioni ndiye anayekaa kitandani kumsimulia Bibi, Kiswahili na Kiingereza vikiwa vimechanganyika, na Bibi anasikiliza kama mtoto. Kwa nini alibakiziwa yeye, sijui, na hatujamwambia ni nani aliyepanda mahali pake. Ukija kwetu ukaniuliza mdogo wangu alikuwa mtu wa namna gani, nitamwita Grace aje akueleze.