Karanga za Spesioza

Enzi zetu pale Kasingirima, kengele ya shule ilikuwa rimu ya lori iliyoning'inizwa nje ya ofisi. Ikigongwa saa nne, mate yalitujaa mdomoni kabla hata ya kuuona uji. Watoto wa siku hizi wanatucheka, nao simu ikilia kidogo tu mkono unajipeleka mfukoni wenyewe!

Spesioza, mwenzangu wa dawati, alikuwa amekimbia Burundi na mama yake. Rimu ikilia, alijitupa chini ya dawati, akashika kisogo, akanyamaza. Hata inzi atue juu ya jicho, hapepesi. Kwao chuma kiligongwa washambuliaji wakija. Tulimcheka siku mbili. Siku ya tatu nikajikuta niko chini pamoja naye, na sikumbuki nilishukaje.

Mwalimu Maulidi, kijana aliyetoka chuoni na nadharia yake ya kichocheo na mwitikio, alisema tabia iliyofundishwa inaweza kufutwa. Akaanza kuigonga rimu taratibu kwa kijiko. Spesioza akibaki ameketi, anapewa karanga. Kila siku akaongeza nguvu kidogo. Mwisho wa muhula akaipiga kwa nyundo, na Spesioza akaketi wima, anatabasamu, kiganja amekikunjua. Macho yake hayakutazama popote. Darasa zima lilipiga makofi, lakini mimi nywele zilinisisimka.

Wiki hiyohiyo mama yake akaja kuaga. Walikuwa wameandikishwa kurudi kwao. Mwalimu, kwa fahari, akaipiga rimu kwa nyundo ili mama aone binti yake akibaki ameketi. Yule mama akaziba mdomo.

"Mwalimu, ni mimi nilimfundisha. 'Ryama hasi,' nikimwambia, lala chini, tangu anatambaa. Ndugu zake wakubwa walikimbia. Huyu alilala, ndiye niliyebaki naye. Sasa huko tunakorudi, atalala tena?"

Mwalimu akaiweka nyundo chini.

Naupenda utoto wangu, uji wake na kelele zake, na leo shule ina kengele ya umeme ambayo haimtishi mtu. Lakini nikipita kwa fundi magari, nyundo ikitua juu ya chuma, najikuta nimeshachutama. Namwona Spesioza huko kwao, wenzake wote wamelala chini, yeye ameketi wima, kiganja wazi, anasubiri karanga.