Jogoo Aliyewikia Mlangoni

Nilipokuwa mtoto wa kutumwa chumvi dukani, hapa hapa Ng'ambo, Tabora, tulikuwa na jogoo mmoja tu, mwekundu. Bibi mzaa baba alimwita Karani, kwa kuwa hakukosa kazini. Jioni moja, kuku wengine wamekwisha kuingia bandani, Karani alisimama kizingitini akawika, kichwa kakielekeza ndani.

Mama alikuwa mjamzito wa kujifungua wakati wowote, na baba yuko safarini. Jirani yetu, Mama Hadija, akaacha kupepeta mchele wake. "Jogoo akiwika magharibi anaita msiba," akasema. "Mchinjeni kabla hakujakucha." Mama akashika tumbo. Mimi nikalia. Nilimpenda Karani, lakini nilimpenda mama zaidi, na sikujua nimwombee nani.

Bibi hakukana kwamba jogoo huagua. Mambo hayo aliyaamini kama alivyoamini mvua. Alichobishia ni maana yake.

"Angewikia uani, kisu ningeshika mwenyewe," alisema. "Huyu kawikia mlangoni. Anaita mgeni. Mkwe wangu, ongeza unga tulale."

Ugali ukasongwa mkubwa kupita haja yetu, sahani moja ikafunikwa. Mama akala, akalala.

Asubuhi tukasikia hodi. Alikuwa mama mdogo, mdogo wake mama, kashuka treni kutoka Tura na kibuyu cha asali, ati alimkumbuka dada yake tu. Siku hiyo hiyo uchungu ukaanza, na yeye ndiye aliyempeleka mama hospitali na kukaa naye. Alirudi akicheka: mtoto wa kiume, mama mzima.

Sasa mgeni wa namna hiyo kwetu huchinjiwa jogoo, na jogoo tulikuwa naye huyo huyo. Mila ni mila. Bibi akamkamata Karani, machozi yakinilengalenga upya.

"Mwache, mama," mama mdogo akasema. "Aliyeniita nitamlaje? Nipe mlenda."

Leo nafuga kuku kwenye ua ule ule. Kijana aliyepanga chumba cha nyuma alinijia juzi kwa adabu zote. "Shikamoo mama. Huyu jogoo ananiwikia dirishani. Na mayai si yanatagwa hata bila yeye?"

"Marahaba, baba," nikamwambia. Kasema kweli, nami nilifikiria sana kumuuza jogoo huyo.

Sijui kama Karani alijua lolote. Ninachojua ni kwamba bibi alimpa mama usingizi usiku ule, kwa unga wa ziada tu, na kwa hilo namshukuru hadi leo. Banda nimelihamisha mbali na dirisha la kijana. Jogoo anabaki.

Jana jioni akaja kuwika mlangoni. Nikaongeza unga. Hodi haikusikika, basi nikamwita mpangaji wangu aje tule.