Kuku wa Kila Asubuhi

Mama hakujua kusoma, lakini simu ya kugusa niliyomnunulia aliiweza. Kila asubuhi, akishafungulia kuku wake kule Muhuru Bay, alinitumia emoji ya kuku. Maana yake, nimeamka salama. Baada ya kuku aliweka jua ikiwa omena, dagaa wake wa kuuza, imeanikwa, au mwavuli ikiwa mvua imemharibia kazi. Mimi nilikuwa Ndhiwa nauza mitumba sokoni. Nilimjibu kwa kidole gumba, basi, nikaendelea kupanga nguo zangu.

"Kidole, kidole!" alinigombeza siku moja nilipoenda kumwona. "Nyathina, mwanangu, mtu hujibu mama yake kwa kidole? Sauti imekwisha?"

"Mama, asubuhi nina wateja."

"Haya. Bora kije. Kisipokuja, siku yangu haiendi."

Tulicheka. Mimi ndiye niliyecheka zaidi, mjinga mimi.

Msimu wa mvua uliopita, alikuja kuku na jua, siku tatu mfululizo. Ndhiwa ilikuwa matope matupu, wateja wanaruka madimbwi kufikia meza yangu. Jua la wapi hilo? Ilinipasa kujiuliza. Mama hakuwahi kunidanganya kuhusu omena yake hata siku moja. Lakini jicho langu lilikuwa limezoea, likimwona kuku linatosheka.

Siku ya tatu, saa nane mchana, kaka yangu akapiga simu. "Njoo nyumbani, kuna mambo ya kuongea." Jamani! Kwetu mtu aliye mbali haambiwi kifo kwa simu, anaitwa tu, asije akaanguka njiani. Mimi mwenyewe nilimwita yeye hivyohivyo baba alipofariki. Nilifunga kibanda nikaondoka.

Nilikuta turubai la msiba limeshafungwa uani. Wifi yangu, mke wa kaka, alinivuta kando ya jiko akanikabidhi simu ya mama. Akanieleza kwamba mama alikuwa amelala kitandani siku tatu, kifua kimembana, mpaka akakata roho asubuhi hiyo, na alikuwa amekataza nisiambiwe. Eti nitaacha biashara yangu bure, na yeye atapona tu. Ndipo akamwagiza wifi anitumie kuku kila asubuhi. Wifi naye alikuwa akirudia tu ujumbe mmoja wa zamani, pamoja na jua lake.

"Mbona hukunipigia?" Nilimfokea mbele ya watu.

"Alinikataza. Kila asubuhi aliniuliza, amejibu? Nikimwonyesha kidole anatulia, ndipo anakubali kunywa uji."

Nikafungua simu. Kuku wa kwanza, kidole. Kuku wa pili, kidole. Kuku wa asubuhi hiyo hakuwa na kitu chini yake. Bale mpya ya nguo ilikuwa imeingia sokoni, watu wanasukumana, nikamwona kuku nikasema nitajibu baadaye. Kumbe niliyestahili kufokewa pale jikoni ni mimi.

"Na leo?" nikauliza. "Leo ulimwonyesha nini?"

Wifi alijifuta macho kwa ncha ya leso.

"Aliuliza mara mbili. Nikamwonyesha kile cha jana. Akasema, haya, mwanangu yuko sawa."